Maili Tisa, Tangi Limejaa

Jumanne, 1 Machi 1955. Makambako

Lori limezima tena. Mara mbili leo. Mara ya kwanza maili tisa kutoka nyumbani Njombe. Mara ya pili maili kumi na sita baada ya hapo, jirani kabisa na kilabu cha Mtwango wanakouza ulanzi, pombe ya mianzi. Kana kwamba linachagua.

Nimeyaandika haya katika daftari la Baba. Hili ninaloandikia sasa ni langu. La Baba alinipa Jumamosi. "Wewe una macho na kalamu," alisema, "na barua ya kukupangia shule ya kufundisha haijaja. Panda lori na kaka yako. Andika kila anaposimama, na kwa nini." Hakusema mpeleleze. Hakuwa na haja.

Watu wanasema kaka yangu Yeremia anazima lori makusudi. Wengine wanasema anauza petroli njiani. Wengine wanasema anakunywa. Baba ni mzee wa kanisa. Neno la tatu ndilo linalomuuma.

Yeremia anajua kwa nini nakaa kando yake. Leo alikohoa, akasema, "Mwalimu, andika na hilo."

Anafanya mambo yaleyale kila likizima. Anashuka. Anang'oa kizibo cha tangi, anatumbukiza ufito kupima petroli. Petroli ipo. Anafungua boneti, anagongagonga pampu, anafunga. Anapiga hendeli, anazungusha injini kwa mkono. Linawaka. Hajui alichokifanya, nami sijui.

Kizibo ni cha Baba. Kifuniko chenyewe kilianguka njiani mwezi wa kwanza, mvua ikaingia tangini, tukahangaika na maji wiki tatu. Baba akachonga kizibo cha mti, akakivika ngozi ya ng'ombe, akakipaka nta. Usharika mzima ulikuja kukitazama. Tone haliingii. Lakini lori bado linazima, na sasa hakuna maji ya kulaumiwa. Amebaki Yeremia.

Nalala kwa mwinjilisti. Mkewe kanipa ugali na maharage na maswali mengi.


Alhamisi, 3 Machi. Njombe

Jana kutwa Yeremia alilifungua lori kule Makambako, chini ya paa la duka la Mhindi mmoja. Nilikaa juu ya debe nikamtazama. Kabureta aliitandaza vipande vipande juu ya shati lake. Kila tundu alilipuliza kwa mdomo mpaka midomo ikawa myeupe. Bomba la petroli alilitoa lote, akalipuliza, akalipitishia waya. Ngozi ya pampu akaitazama juani kama mtu anayesoma barua. Nzima. Kikombe cha kioo chini ya pampu kisafi. Petroli mpya aliichuja kwa kofia yake ya manyoya.

Ana mikono mizuri, Yeremia. Sikuwahi kuitazama. Haitetemeki. Mikono ya mlevi hutetemeka.

Leo tumerudi na robo tatu ya tangi. Tulikwenda vizuri mno. Alianza kuimba. Maili ishirini na tatu, likakohoa, likafa.

Hakutukana. Ningependa atukane. Alikaa na mikono juu ya usukani kwa muda mrefu, halafu akashuka kuchukua ufito. Kizibo kilimgomea. Akakivuta kwa mikono miwili. "Hiki nacho," akasema, "kimeng'ang'ania kama mzee wa kanisa na kiti cha mbele." Kilipotoka, tangi likalia ndu, kama limepigwa teke kwa ndani. Petroli tele. Likawaka.


Ijumaa, 4 Machi

Nimempa Baba daftari lake. Alilisoma amesimama, mlangoni. Karibu na kilabu. Karibu na kilabu. Karibu na kijiji. Yote ni kweli, nimeyaandika kwa mkono wangu safi wa chuo, na yote yanasema uongo.

Najichukia leo.


Jumapili, 6 Machi

Baba mwenyewe ameendesha. Kwaya ilialikwa usharika wa jirani, maili saba kwenda, saba kurudi. Tangi lilikuwa nusu. Baba hajazi kamwe, anasema tangi lililojaa humfanya dereva mvivu wa kufikiri. Lori lilikwenda kama mwana-kondoo. Halikukohoa hata kidogo.

Tuliposhuka, watu walisita kuondoka. Walimtazama tu Yeremia. Mama mmoja wa kwaya alisema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe lina adabu kwa mwenyewe."

Mezani Baba alimaliza kula kwanza. Kisha:

"Yeremia. Jumanne unapeleka viazi Makambako. Likizima, kwenda au kurudi, ufunguo unauweka hapa."

"Baba, nimelifungua lote."

"Kwangu halizimi."

"Ndiyo, Baba. Kwako halizimi."

"Basi tatizo liko wapi?"

Yeremia alinitazama mimi, si Baba. "Na mimi nikiweka ufunguo, sikai hapa kuchekwa. Mwandikishaji wa mkonge yuko Makambako. Lori lake linaondoka Jumamosi saa sita mchana. Nitakwenda manamba, nikate mkonge Tanga."

Mama aliinuka akaondoa vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia. Kaka yake alikwenda manamba kabla sijazaliwa. Lilirudi blanketi tu.


Jumanne, 8 Machi. Makambako

Mvua tangu alfajiri. Yeremia alijaza tangi mpaka shingoni, makusudi, watu wakiona, ili asiambiwe petroli imeuzwa. Akagonga kizibo kwa ngumi mpaka kikazama.

Maili tisa.

Nilikuwa nahesabu moyoni. Nane, nikasema pita, pita. Tisa. Likafa mahali palepale pa wiki iliyopita, kabla ya kibao cha daraja.

Mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo hakufungua tangi, aliogopa maji. Alipiga hendeli. Akapumzika. Akapiga. Hakuna. Nyuma, juu ya viazi, kulikuwa na kina mama wanne chini ya turubai. Mmoja akapiga bati la kichwa cha lori. "Mwalimu, hizo hesabu zako zinajua kusukuma?" Mwenzake akajibu, "Mwache, anaandika kwamba tumelowa." Walicheka sana. Mimi sikuweza.

Karibu saa nzima. Hendeli ilimchubua kiganja. Mvua ilipokatika alikwenda kung'oa kizibo, akapima, akapiga hendeli mara moja tu. Likawaka.

Mara moja. Baada ya saa nzima ya kukataa.

Nilitaka kusema kitu lakini sikukijua. Nilihisi kama ninaposhindwa kukumbuka jina la mtu huku namwona uso.

Lilizima tena maili kumi na tano mbele. Kesho tunarudi. Hakuimba.


Jumatano, 9 Machi. Njombe

Limezima mara mbili kurudi, tangi amelijaza tena.

Ufunguo uko mezani. Hakuna anayeugusa. Mama ameufunika kwa kawa, kama chakula cha mtu aliyechelewa.


Alhamisi, 10 Machi

Yeremia ameondoka kabla hatujaamka, kwa lori la chumvi. Ameniachia spana zake, zimefungwa ndani ya lile shati. Hakuacha neno. Atakuwa kwa Baba Mdogo Zakaria, Mahongole, nje ya Makambako. Hana pengine. Baba Mdogo ni mgema wa ulanzi. Amefungiwa meza ya Bwana miaka sita sasa, na Baba hataji jina lake.

Nimekaa chumbani nikasoma daftari hili tangu mwanzo. La Baba linasema wapi. Langu linasema na mengine ambayo hakuniuliza.

Tangi limejaa: maili tisa. Kisha kumi na sita. Kisha tukafika.

Robo tatu: ishirini na tatu.

Nusu, Baba na kwaya: halikuzima.

Limejaa tena, Jumanne: tisa. Kisha kumi na tano.

Nimelitazama hili mpaka macho yameuma. Kadiri petroli inavyopungua, ndivyo lori linavyokwenda mbali. Ni kinyume cha akili. Mtu aliyeshiba ndiye anayezimia, mwenye njaa anatembea. Yeremia alijaza ili aaminiwe, na kila alipojaza alijimaliza.

Kwa hiyo si ulevi. Ulevi haufuati hesabu. Lakini nikimpeleka Baba tarakimu tupu ataniuliza, kwa nini? Sina kwa nini.

Zimebaki siku mbili.


Ijumaa, 11 Machi. Makambako

Viazi haviwezi kusubiri. Baba ameendesha mwenyewe, mimi kando yake. Nusu tangi. Halikuzima, maili zote thelathini na nane. Hakunitazama, lakini nilimwona akikaza midomo isitabasamu. Nilimchukia kwa ajili ya hilo, kisha nikaona si furaha. Alikuwa anajaribu kuamini kwamba alifanya haki.

Saa nane nilimwambia nakwenda kumsalimu mtu. Hakuuliza nani. Nilitembea mpaka Mahongole, viatu mkononi.

Baba Mdogo alikuwa ndani ya mianzi yake, anashusha mbeta, zile pingili za mwanzi zinazokinga ulanzi. "Kamwene, mwanangu," akasema, kana kwamba nilikuja jana. "Kamwene, Baba Mdogo." Yeremia alikuwa amekaa juu ya gogo. Tayari ana blanketi la mwandikishaji. Kesho asubuhi anaandika jina, anapewa kipande, kadi ya kazi.

Nilimsihi. Alijibu kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Mwalimu, siwezi kuomba kazi kwa baba yangu mzazi. Nikanushe nini? Lilizima. Uliandika."

Nililia, nikageuza uso, nikamtazama Baba Mdogo ili nisimtazame yeye.

Alikuwa anaonja. Alichukua mrija mwembamba wa mwanzi, akauzamisha ndani ya mbeta ndefu, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akauinua. Mrija ukatoka umejaa. Chini uko wazi, na hakuna hata tone lililoanguka. Akaupeleka juu ya kikombe. Akainua kidole. Ulanzi ukashuka wote.

"Rudia," nikasema.

"Unataka kuonja? Huu ni mtogwa, mtamu, haulevi. Hata mzee wa kanisa angeweza."

"Sitaki kuonja. Rudia kuziba."

Akarudia. Nikaomba mrija, nikafanya mwenyewe. Kidole juu, ulanzi unaning'inia. Nikaondoa, unashuka. Kidole kilivutwa ndani kidogo, nilikihisi, kama mtoto anavyonyonya.

Kizibo kinachogoma kutoka. Tangi linalolia ndu. Kizibo cha Baba, ngozi na nta, tone haliingii. Na hewa haiingii.

Petroli inatoka, hewa haiingii kushika nafasi yake. Mwishowe pampu inavuta na tangi nalo linavuta. Tangi likijaa, hewa ya ndani ni kidogo, inakwisha nguvu upesi: maili tisa. Likiwa nusu, hewa ni nyingi, unafika. Na kila Yeremia alipong'oa kizibo ili kupima, alikuwa analitibu bila kujua. Siku ya mvua hakuking'oa, likakataa saa nzima.

Niliyasema haya yote kwa kukimbiza maneno. Yeremia alicheka mpaka akateleza kwenye gogo. Halafu akaacha.

"Kizibo cha Baba," alisema. "Usharika mzima ulikisifu. Nani atamwambia?"

"Wewe."

"Mimi nina blanketi."

Baba Mdogo alikuwa anafuta mrija wake. "Kaka yangu haambiwi kitu," alisema. "Tangu utoto. Mwache akione kwa macho yake."

Nimerudi kwa mwinjilisti. Naogopa kesho. Nikikosea saa, tumempoteza.


Jumamosi, 12 Machi. Makambako, kisha Njombe

Saa moja asubuhi, pampu ya petroli. Baba alisema nusu.

"Baba, jaza mpaka shingoni. Kama Yeremia."

"Unanijaribu mimi?"

"Nalijaribu lori, Baba."

Sijawahi kumwambia neno kama hilo. Akajaza. Akakigonga kizibo mwenyewe, kwa ngumi, akakipangusa kwa kiganja. Anakipenda. Niliona huruma, na sikuitaka.

Tulichelewa kuondoka, magunia ya chumvi yalichukua muda. Saa mbili na nusu. Niliweka mikono chini ya mapaja isionekane. Maili tano. Sita. Matope. Saba. Baba alianza kusema habari za mahindi ya mwaka huu. Nane. Nilifikiri, nimekosea, atafika Njombe anatabasamu na Yeremia atakuwa njia ya Tanga.

Maili tisa na kidogo. Likakohoa. Likafa.

Baba alivuta breki. Alishuka, na kama Yeremia hasa, alielekea kwenye tangi.

"Baba, usifungue. Piga hendeli kwanza."

Akapiga. Ana miaka hamsini na nne. Akapiga tena. Jasho likamtoka chini ya kofia. Akapiga mpaka mikono ikamtetemeka, nami nikamwacha, Mungu anisamehe, nikamwacha apige mpaka achoke, kwa sababu ya kile kiganja kilichochubuka.

"Sasa kizibo, Baba. Taratibu. Sikiliza."

Kiligoma. Alikivuta kwa mikono miwili. Kikatoa pumzi ndefu, fff, ndipo tangi likalia ndu. Baba alirudi hatua moja. Alitazama tundu. Alitazama kizibo mkononi mwake, upande wa ngozi, upande wa nta.

"Kirudishe, ila usikaze. Kiegemeze tu."

Alikiegemeza. Akapiga hendeli mara moja. Likawaka.

Alisimama kando ya lori linalonguruma, amelipa mgongo. Nilisubiri anikemee. Nilikuwa tayari na hesabu zangu zote, na mrija, na hewa. Hakuniuliza hata moja. Alipanda, akalirudisha nyuma mpaka matairi yakagusa mtaro, akaligeuza kuelekea Makambako.

Tulikwama mara moja, kwenye tope jekundu. Tulikata matawi, tukatandika. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Baba alisukuma, mimi nikakanyaga mafuta kama alivyonielekeza, mara ya kwanza maishani. Lilitoka. Halikuzima.

Kambi ya mwandikishaji ni uwanja tu na lori lenye nguzo pembeni. Watu walikuwa wamekaa chini kwa mistari, kila mmoja na blanketi lake. Karani alikuwa anaita. Yeremia alikuwa wa mstari wa nyuma, bado hajaitwa. Aliuona uso wa lori akainuka, kisha akakumbuka, akakaa.

Baba alisimamisha lori mbele yake kabisa. Hakuzima injini. Alifungua mlango, akashuka. Nilidhani anakwenda kusema naye. Alipita mbele ya lori, akazunguka, akafungua mlango wa upande wangu, akapanda. Nilisogea katikati. Kiti cha dereva kikabaki wazi, mlango wazi, lori linatetemeka.

Mstari mzima ulikuwa unatazama.

Yeremia alikuja polepole. Aliweka mkono juu ya mlango. Aliona kizibo kimelegea, na kipande cha turubai juu yake. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Viatu vyako vina matope. Pangusa kabla hujapanda."

Akapangusa. Karani akapaza sauti, "Wewe, blanketi." Yeremia alilikunja vizuri, akalipeleka. "Lilikuwa fupi hata hivyo," akamwambia. Watu wa mstarini walicheka. Mmoja hakucheka, kijana wa umri wa Yeremia. Alitutazama mpaka tulipokata kona.

Karibu na daraja Baba alilala, au alifumba macho.


Jumanne, 15 Machi. Njombe

Baba amekaa jikoni kwa Mama asubuhi, jambo ambalo halifanyi. Alipasha msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akatoboa nao kizibo katikati. Nta ilinuka nyumba nzima. Akashona kipande cha ngozi juu ya tundu, kimelegea, kama paa dogo, mvua isiingie.

"Umeona wapi?" aliniuliza. Hakuinua macho.

"Mahongole. Kwa Baba Mdogo. Anaonja kwa mrija."

Aliendelea kushona. Alikata uzi kwa meno.

Yeremia amejaza tangi mpaka shingoni. Wakati wa kupakia Baba alibeba gunia moja la viazi mwenyewe, akaliweka mbele, mbali na mengine. "Hili halishuki Makambako," alisema. "Lipeleke kwa Zakaria."

Sikupanda. Nina barua za kuandika, na daftari la Baba limerudi kabatini.

Nilisimama uani. Lori lilipanda mlima, likapita miti ya miwati, nikalisikia likibadilisha gia. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, kofia mkononi. Tulisikiliza wote wawili mpaka sauti ikaisha. Kisha tukaendelea kusimama, muda wa maili tisa hivi.